Mwaka Yowe Letu Lilipokufa

Neema aliponipigia simu kuniambia kwamba ile filamu ya pamba itaonyeshwa hapa Musoma, jambo la kwanza nililomuuliza ni kama itakuwa na sauti. Akacheka. Alidhani bibi kama mimi, wa mtaa wa Makoko, anafikiri filamu za zamani zote ni bubu. "Sauti ipo, mama, tena wameisafisha, utasikia kila kitu," akasema, na mimi nikakaa juu ya ndoo iliyokuwa karibu. Neema ni mwalimu wa chuo, binti mpole mwenye maswali mengi, na kazi yake ni kuchunguza filamu za zamani ili ajue nani alionyeshwa na nani aliachwa nje. Alikuwa amenitafuta muda mrefu, akiuliza Bunda, akiuliza Nyamuswa, hadi mtu mmoja akamwambia kwamba yule binti aitwaye Wakuru aliyepiga yowe kwenye sinema aliolewa Musoma na bado yu hai. Aliponipata alifurahi sana. Mimi sikufurahi hata kidogo. Nilikubali kwenda kwa sababu nilishindwa kumweleza mtoto wa watu, tena kwa simu, kwamba mimi naogopa sauti yangu mwenyewe.

Ukumbi ulijaa vijana. Viti vya plastiki, soda za moto, feni moja iliyokuwa inalia kuliko kupuliza. Nilikaa mbele kama mgeni rasmi, nimevaa kitenge changu cha kanisani, mikono nimeibana katikati ya magoti. Filamu yenyewe inahusu vibarua wa pamba enzi za mkoloni. Wanapunjwa kwenye mizani, wanachoka, kiongozi wao anaanza kuwaambia wagome, na askari wanakuja kumkamata shambani. Mke wake anapiga yowe. Hapo vibarua wa shamba zima wananyoosha migongo kwa pamoja, wanaacha pamba pale pale na kukimbilia ilikotoka sauti, na kutoka vilimani umati wa wanaume wenye pinde na marungu unateremka kuwaunga mkono. Huo umati ndio uliosifiwa miaka yote. Mke wa kiongozi ni Dada Salma, mwigizaji wa Dar es Salaam, mzuri hadi leo ukimtazama pale kwenye picha. Mdomo ni wake. Yowe ni langu. Lilipotoka kwenye spika nilifumba macho, nikashika kiti kwa mikono yote miwili, na vijana nyuma yangu wakapiga makofi.

Picha ilipokwisha Neema alisimama kuwauliza watazamaji wamemwona nani na wamemsikia nani. Wakaanza kujibu, na walijibu vizuri, nikiri. Kijana mmoja alisema wanaosema ndani ya filamu nzima ni watu wa Pwani, wenyeji wanakimbia tu na kupiga kelele, macho mekundu, hawana hata sentensi moja. Binti mwingine akauliza wanawake wako wapi wakati pamba ya Mara imechumwa na wanawake tangu mbegu ilipofika. Mwingine akasema hakuna neno hata moja la Kijita, la Kiikizu wala la Kizanaki. Neema akanigeukia kwa heshima zote. "Mama, ulijisikiaje kuona sauti yako imepewa uso wa mtu mwingine?" Nikasema ndivyo sinema zilivyo, mwanangu, watu wakacheka, ikapita. Lakini swali lile lilinikera, kwa sababu lilidhani kidonda changu ni kutoonekana. Laiti nisingeonekana wala kusikika! Nililokuwa nalo moyoni pale kwenye kiti ni hili ninaloliandika, na sikuweza kulisema kwenye kipaza sauti.

Nilikuwa nimemaliza la saba na nilikuwa naishi Nyamuswa kwa shangazi yangu, Nyangi. Kwa nini niliishi kwa shangazi ni habari ndefu, na siyo ya hapa. Shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto, mwenye ulimi mkali na ng'ombe wanne, na nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabisa katika kitongoji, jirani na korongo. Msimu wa kuchuma tulikuwa na mgeni, Mama Masatu, Mjita wa upande wa Kisorya, aliyekuja kila mwaka kufanya kibarua kwenye mashamba ya watu na kulala katika jiko letu la nje. Alikuja na kapu la furu wakavu, samaki wadogo wa kwao, na nyumba nzima ikanuka ziwa mpaka alipoondoka. Shangazi alinung'unika juu ya harufu ile na alikula kuliko sisi wote. Jioni tulikaa watatu kuizunguka sufuria, ugali wa mtama na muhogo katikati, mlenda pembeni, na Mama Masatu akatuchekesha hadi shangazi akamfukuza jikoni na mwiko.

Mwaka ule wapiga picha walikuja na lori na jenereta. Walilala Bunda na kuja Nyamuswa kila asubuhi. Mkubwa wao tulimwita Dairekta, mwanaume mwembamba mwenye kofia, mwenye adabu, aliyemwita kila mtu ndugu, hata mbwa wetu. Aliwachukua wachumaji kuwa vibarua wa kwenye picha, na sisi tukaenda, kwa sababu chai ilikuwa ya maziwa na mkate ulikuwa wa dukani. Siku ya kwanza tu Mama Masatu aligombana naye. Wanawake tulipangwa nyuma kabisa, wanaume mbele, wengine wao hawajawahi kushika pamba ila wakiuza. "We baba," akamwambia, "sie ndo tunachumaga, mbona hawa ndo umewaweka mbele?" Dairekta akaeleza kwa upole kwamba mgomo unahitaji umati wenye nguvu. "Kwani nguvu iko kwenye ndevu?" Watu wakavunjika mbavu. Ili kumtuliza akampa sentensi moja ya kusema. Akaisema kwa Kiswahili chake cha ziwani, wakamwambia asante sana ndugu, na kesho yake sentensi ile ikasemwa na mwanamke aliyetoka Dar. Mama Masatu alibaki kwenye filamu kama mgongo. Nimeuona juzi ukumbini, mgongo mpana wenye kanga iliyofungwa begani, na nikaujua mara moja.

Sasa lazima nieleze yowe, kwa maana vijana wa mjini wanadhani ni kelele. Kwetu Ikizu mtoto alifundishwa mapema kabisa kwamba sauti ile haichezewi. Ukiisikia unaacha ulichoshika, hata kama ni chakula, hata kama mwenye nyumba iliyolia mna ugomvi wa miaka, unachukua upinde au rungu na kukimbia. Na ukikimbia unapiga na wewe, ili wa kilima cha pili asikie, naye amfikishie wa cha tatu. Mwanaume aliyebaki nyumbani yowe linalia alikuwa na kesi ya kujibu. Hatukuwa na polisi wa karibu, na wezi wa ng'ombe walikuwepo siku zote. Kilichowafanya wanawake wawili kama mimi na shangazi tulale pembeni ya korongo tukiwa na ng'ombe wanne ni sauti ile tu. Tulikuwa nayo kama watu wengine walivyokuwa na ukuta.

Siku ya kupiga picha ya mke wa kiongozi, Dada Salma alijaribu kupiga yowe, na masikini ikatoka sauti ya mtu aliyeona panya. Akajaribu tena. Mama Masatu akacheka hadi akakaa chini, kisha akasema kwa sauti, "Si mumpe Wakuru? Huyu akipigaga, mbwa zote zinaingia uvunguni." Dairekta akaniita. Nikamwambia yowe halipigwi bure. Hakunilazimisha, alikwenda kumwuliza mwenyekiti wa kijiji, mtu aliyekuwa ameletwa kutoka kwingine na hakuwa na ng'ombe. Mwenyekiti akasema, "Mbona ni mchezo tu, binti? Piga. Jana nimeshawatangazia watu gulioni." Nikawaza waliokuwa gulioni ni wangapi, na walioko nyuma ya kilima nani amewaambia. Lakini mwenyekiti ni mwenyekiti, na mimi nilikuwa msichana, na watu wote walikuwa wamesimama wakinisubiri na mitambo yao. Nikapiga.

"Safi sana, ndugu. Rudia," akasema Dairekta. Nikarudia. Majirani wa karibu walikuwa wamesogea kutazama, wakicheka, wanajua. Akataka mara nyingine tena, kwa ukali zaidi, nami nikavuta pumzi nikapiga yowe la kweli kabisa, lile la ng'ombe wamechukuliwa. Nilipofunga mdomo nikasikia limejibiwa. Halikuwa mwangwi. Alikuwa mtu, juu ya kilima, na mbali zaidi mtu mwingine, na baada yake sauti nyembamba kutoka vilima vya upande wa Butiama, ambako hata jina la mwenyekiti wetu hawakulijua. Nikamwambia Dairekta, "Wanakuja." Akadhani nasema wale waigizaji wake. "Waache waje," akasema, na akaamuru mtambo uendelee kupiga picha.

Wakaja. Waliteremka kilima kwa kasi, vifua wazi, pinde zimevutwa, jasho linang'aa, na kitu cha kwanza walichokiona ni wanaume wasiowajua, waliovaa sare za askari, wamemkandamiza mtu chini. Mshale wa kwanza uligonga ubavu wa lori. Dada Salma alianza kulia, na safari hii hakuna aliyemfundisha. Sijui nilipata wapi miguu. Nilikimbia nikasimama katikati, mikono juu, nikipaza sauti kwa Kiikizu kwamba ni mchezo, ni mchezo, msiue watu. Aliyekuwa mbele alikuwa Mzee Wambura, mwenye mji wa ng'ombe wengi upande wa pili wa bonde, mtu aliyenipa maziwa nikiwa mdogo. Alisimama mbele yangu, pumzi inampaa.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, baba."

"Ng'ombe za nani zimechukuliwa?"

"Hakuna."

"Nani amepiga?"

"Ni mimi."

Alinitazama muda mrefu, mshale bado uko kwenye uzi. Nyuma yangu mtambo ulikuwa unalia taratibu, unapiga picha. Huo ndio umati unaosifiwa. Yale macho mekundu yanayomuudhi yule kijana wa ukumbini, yasiyo na hata sentensi moja, yalikuwa macho ya watu waliokuja kutuokoa na kukuta wamedanganywa. Sentensi walikuwa nazo. Zilikatwa kwa sababu zilikuwa za Kiikizu na zilikuwa matusi.

Kama mambo yangeishia pale ningeomba radhi na watu wangetulia. Lakini wakati wanaume wote wa bonde wamesimama kwetu wakihema, yowe lingine lilitoka nyumbani kwa Wambura mwenyewe, la wanawake, la kweli. Wezi walikuwa wameona vilima vinamwagika watu kuelekea upande mmoja, nao wakapita upande mwingine. Wambura na wenzake waligeuka na kukimbia tena, bila neno. Hawakuwahi. Zizi lilikuwa wazi, limebaki na mbuzi na ndama mmoja kilema.

Wapiga picha waliondoka kesho yake asubuhi, walikuwa wamepata walichotaka. Mwenyekiti naye alipata safari ya Musoma. Wazee wakaita ritongo, ndio mkutano wa kuamua mambo ya jamii, na mimi nikakalishwa chini peke yangu kwenye jua, shangazi nyuma ya watu kwa sababu wanawake hawakusema pale. Nilitegemea fimbo. Niliomba iwe fimbo. Mzee mmoja aliyeongea taratibu sana, kama anayesimulia habari za mvua, akasema, "Hatumpigi, hatumtozi kitu, ni mtoto. Ila yowe la nyumba ile limekufa, mpaka pamba nyingine ifike ghalani. Likilia, amelia ndege." Wazee wakaitikia. Nikageuka kumtafuta shangazi na kuona ameziba mdomo kwa kanga. Yeye hata hakuwa na habari siku ile, alikuwa amekwenda kusaga. Njia nzima ya kurudi nyumbani alinung'unika, "Mimi hata hiyo sinema sijaiona." Alipofika mlangoni akaacha kunung'unika, na hapo ndipo nilipoogopa kabisa.

Mtu ambaye hajaishi mwaka wa namna ile anaweza kufikiri kwamba hofu ni kitu kinachokuja na kwenda. Ile ilikaa. Ilikula nasi. Habari ya adhabu yetu ilisambaa gulioni kama habari nyingine yoyote, na tulijua imefika masikio yote, mazuri na mabaya. Shangazi aliwahamishia ng'ombe ndani ya nyumba. Alibomoa kitanda chake ili wapate nafasi, na sisi tukalala jikoni na nguo zetu zote mwilini, tukinuka mavi na moshi. Mbwa akibweka mchana, mkono wangu uliacha ugali hewani. Mtu akipita kuomba maji, shangazi alimpa kwa heshima na kumsindikiza kwa macho hadi apotee, kisha akakaa chini ghafla kama aliyeshushwa mzigo. Mama Masatu alikuwa amesharudi kwao, na nyumba haikuwa na mtu wa kutuchekesha. Nilikuwa nasikia meno yangu mwenyewe yakitafuna.

Kisimani wanawake walinyamaza nilipofika na kuendelea nilipotoka, na kwa kuwa njia inapinda nyuma ya kichaka, niliyasikia yote. Mmoja alisema ni adhabu kubwa mno kwa mtoto. Mwingine akasema, "Kubwa gani? Wambura anakunywaga chai ya rangi sasa, mwenye mji ule." Wa tatu akauliza kama nikipiga kweli, kweli kabisa, wanaume hawatakwenda. Nilisubiri nyuma ya kichaka na ndoo kichwani nisikie jibu, maji yakinitiririka shingoni, na jibu halikuja. Tangu siku ile nilianza kuongea kwa sauti ya chini bila kujua. Kanisani nilifungua mdomo tu bila kuimba. Nilikuwa nimeshika imani ya ajabu kwamba nikipaza sauti hata kwa wimbo, wale wanaotusikiliza kutoka korongoni watajua tupo.

Mvua zilikuja, tukapanda pamba, ikaota. Sijawahi kuitazama mimea kama nilivyoitazama ile. Ilipotoa maua nililia kwa furaha. Matunda ya kwanza yalipopasuka na weupe ukachungulia, shangazi alisema, "Bado kidogo," na kwa mara ya kwanza katika msimu mzima akanitania, akaniuliza kama kwa mshahara wangu wa sinema nitanunua gari au ndege. Mama Masatu alifika na kapu lake la furu. Aliposikia habari yetu yote aliweka kapu chini, akasema, "Kwetu hakuna adhabu kama hiyo." Shangazi akamjibu kwamba kwao hakuna hata ng'ombe. Bonde zima lilikuwa limejaa wachumaji. Pamba ilianza kujazwa kwenye magunia, ila ghalani ilikuwa haijaenda, lori la kuibeba lilikuwa bado linasubiriwa kutoka Bunda.

Alasiri moja nilikuwa na ng'ombe kando ya korongo, jua kali, kweupe kabisa. Wanaume watatu walipanda kutoka chini wakitembea polepole. Nikajua. Mmoja alinisalimia vizuri, kwa lugha yetu, akaniuliza kama nyumba ya yule msichana wa sinema ni ile pale. Mkojo ulinitoka, nikausikia ukishuka miguuni, na sikuona hata aibu. Mdogo wao, rika langu au zaidi kidogo, akaegemea fimbo yake akatabasamu. "Piga basi," akasema. "Tunasubiri."

Nilipiga. Kichwa changu kilijua kwamba haina maana, lakini mwili ulikataa kujua. Ilitoka sauti kubwa kuliko ile ya kwenye sinema, kubwa kuliko nilivyodhani ninayo. Na nikaona bonde zima, upande ule na upande huu, wachumaji wakinyoosha migongo. Wote. Wakasimama katikati ya weupe ule, mikono imejaa pamba, wakitazama kwetu. Nilimtambua Mturi, kijana wa Wambura, kwa shati lake la bluu. Tulikuwa tumesoma darasa moja. Alipiga hatua moja, ya pili. Baba yake alikuwa karibu naye, sikusikia alichosema, kama alisema. Mturi akasimama. Akaangalia chini. Kisha akainama kuchuma, na mwingine akainama, na mwingine, hadi bonde zima likawa migongo tena.

Wezi nao walikuwa wanatazama. Yule aliyenisalimia akatikisa kichwa. "Kwenu mna roho ngumu," akasema, na nadhani alimaanisha. Wakawaswaga ng'ombe wa shangazi kuteremka korongoni, bila haraka, wakipiga miluzi.

Mtu mmoja alikuja. Alitokea shamba la nyuma ya nyumba yetu akikimbia na mwili wake ule mzito, kanga ya kuchumia bado imefungwa kiunoni na pamba ikimwagika njiani nyuma yake, jiwe mkononi. Mama Masatu hakuwa mtu wa ritongo lile na hakuna aliyemwambia asije, wala sidhani angemsikia. "Wako wapi?" akauliza. Nikamwonyesha korongo. Alikwenda hadi ukingoni, akarusha jiwe kule chini, halikumpata mtu, kisha akageuka kulitazama bonde na migongo yake. Alisema maneno kwa Kijita ambayo sikuyaelewa na sikuhitaji kuelewa. Baadaye akanifungua kanga yangu iliyolowa, akanifunga ya kwake, tukarudi nyumbani tumeshikana mikono.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia akaanza kufagia chumba walicholala ng'ombe, taratibu, hadi kikawa safi, halafu akapika. Tulikula watatu. Nilimsubiri anilaumu, nilitaka anilaumu, na alipoweka sahani chini akasema, "Nimekusikia nikiwa jikoni. Umepiga vizuri." Hakuwahi kuligusia tena mpaka alipofariki. Lori la pamba lilikuja kabla ya wiki kwisha, yowe letu likafufuliwa na wazee kwa maneno mazuri, na nyumba yetu haikuwa tena na kitu cha kuibiwa.

Nilikuja Musoma, nikaolewa, nikazaa, nikazika. Sijapiga yowe tena. Mume wangu alipokata roho mikononi mwangu nilimfumba macho na kwenda kubisha hodi kwa jirani, nikamwambia kwa sauti ya kawaida. Mwaka juzi vibaka waliingia nyumbani Makoko mchana, wakabeba televisheni, nami nimekaa chumba cha pili nimejiziba mdomo kwa mikono miwili. Majirani walinishangaa. "Mama, si ungepiga yowe? Sisi si tupo hapa?" Niliwajibu kwamba nilipitiwa na usingizi. Ningewaambiaje kwamba vibaka nawaogopa kidogo tu, na kitu ninachokiogopa hasa ni kule kusimama baada ya kupiga, nikisikiliza?

Kwa hiyo Neema alipochukua tena kipaza sauti mwisho wa shughuli na kusema kwamba wana ombi moja kwa mama, kwamba leo sauti irudi kwa mwenyewe, ipate uso wake, nilijua anachotaka kabla hajamaliza. "Tupigie, mama. Mara moja tu. Tutairekodi." Vijana wakashangilia. Simu zikainuka. Binti wa watu alinipa kipaza sauti kwa mikono miwili, macho yanamng'aa, anaamini ananilipa haki yangu. Nikasimama kwa sababu kila mtu alitaka nisimame. Ukumbi ukanyamaza, hata ile feni nadhani ilinyamaza, na mimi nikafungua mdomo. Nilizitazama nyuso zile nzuri, nyuso za watoto, nikajua hasa kitakachotokea. Nitapiga, nao watapiga makofi, na hakuna mguu utakaosogea.

Kwenye safu ya nyuma, karibu na mlango, mzee mmoja akaanza kuinuka. Ilimchukua muda. Alishika kiti cha mbele yake, akashika fimbo, akajinyoosha kipande kwa kipande, na watu wakageuka kumtazama. Alikuwa amekuja na basi la asubuhi kutoka Nyamuswa na hakuna aliyekuwa amemtambulisha. Mimi pia nisingemjua, kama asingeongea.

"Usipige, Wakuru," akasema Mturi. "Ukipiga itabidi nije, na miguu yenyewe ndo hii unaionaga."

Ukumbi ukacheka. Mimi nilishindwa kucheka, na yeye hakuwa anacheka. Nikamwambia kwa Kiikizu, kwenye kipaza sauti, kwamba siku ile nilimwona. Akaitikia kwa kichwa, akajibu kwa Kiikizu vile vile, kwamba anajua nilimwona, na ndiyo maana amepanda basi. Neema alikuwa anatutazama kwa zamu, haelewi hata neno, na sikuwa na nguvu za kumtafsiria. Nilimrudishia kipaza sauti chake. Nikatafuta kiti kwa mkono nyuma yangu, na Mturi alibaki amesimama kwenye fimbo yake mpaka nilipokaa.